Usiulize Redio Inasikia Mbali Kiasi Gani, Uliza Inavumilia Nini

Hotuba kwa wanafunzi wa uhandisi wa mawasiliano na mafundi redio, Dar es Salaam. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wenzetu walioshindwa kufika. Michoro ya ubaoni imeachwa.

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mlioiacha Jumamosi yenu mkaja kukaa hapa: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nina swali. Chukua redio ndogo ya masafa mafupi, ile ya bei nafuu. Usiku, kwa antena yake ya kuvuta, inapata vituo kadhaa vizuri tu. Sasa panda juu ya paa, tandaza waya wa mita 20, uunganishe nyuma ya redio ile. Unategemea nini? Unategemea vituo vingi zaidi na sauti safi zaidi. Unapata nini? Unapata vurugu. Miluzi kila mahali, vituo vimepandiana, na kile kituo dhaifu ulichokuwa unakisikia kwa shida sasa hukisikii kabisa. Umeongeza ishara, ubora umeshuka. Kwa nini?

Wengi wetu, tuseme ukweli, jibu letu la kwanza ni kuweka busta. Ishara haitoshi, ongeza nguvu. Nimekuja leo kuwaomba muachane na jibu hilo. Tatizo la redio ile si kwamba inasikia kidogo. Tatizo ni kwamba haiwezi kuvumilia kile inachokisikia. Na mahali inaposhindwa kuvumilia, mara nyingi, ni saketi moja ndogo ambayo katika mafunzo yetu tunaipitia kwa haraka sana: kichanganyishi, au mikisa.

Sizungumzii mikisa ya ma-DJ. Ile inajumlisha. Ukijumlisha mawimbi mawili, yanatoka yale yale mawili. Kichanganyishi cha kipokezi kinazidisha, na hesabu za sekondari zinatuambia kinachotokea mawimbi mawili yanapozidishwa: yanatoka mawimbi mapya, moja lenye masafa ya jumla, jingine lenye masafa ya tofauti. Ishara ya 98.0 MHz inatoka kwenye antena. Ndani ya redio kuna osileta, saketi inayozalisha wimbi lake yenyewe, inayotoa 108.7 MHz. Zidisha, chukua tofauti: 10.7 MHz. Ukihamia kituo kingine, osileta inahama nawe, na tofauti inabaki ile ile 10.7. Ndiyo maana kichujio kizuri kinatengenezwa mara moja, kwa masafa hayo ya 10.7, yanayoitwa masafa ya kati (IF), peke yake, na vituo vyote vinapitia hapo.

Wazo hili lilizaliwa vitani. Mwaka 1918 Edwin Howard Armstrong alikuwa Paris, ofisa wa mawasiliano katika jeshi la Marekani. Valvu za wakati ule hazikuweza kukuza vizuri masafa ya juu. Zikifika huko zilikuwa zinazidiwa na kapasitansi zao zenyewe, yaani uwezo wa sehemu zao za ndani kuhifadhi chaji. Armstrong akageuza swali: kama siwezi kuikuza ishara pale ilipo, kwa nini nisiishushe hadi mahali ninapoweza? Mfaransa Lucien Lévy alikuwa amekwisha kuomba hataza ya wazo linalofanana mwaka 1917, na Mjerumani Walter Schottky naye alilifikia mwaka 1918. Watu watatu, pande mbili za vita moja, jibu moja. Mabishano ya hataza yalikuja kuwa marefu, na leo sitayaingia. Kilicho muhimu kwetu ni kwamba tangu wazo lile lienee, karibu kila tunachokisikia hewani kinapita kwenye mlango huo mmoja, kichanganyishi. Na tangu siku ile, mlango huo umekuwa na matatizo yake.

Tatizo la kwanza wazee wetu walilijua kwa masikio kabla halijaandikwa ubaoni. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ya Deutsche Welle mwaka 1963, na kwa miaka mingi nyumba nyingi za pwani na bara zilizisikiliza kwa masafa mafupi. Wangapi hapa mnamkumbuka babu au baba akizungusha kitufe, akakuta kituo kile kile kwenye sehemu mbili za kipimo? Mikono juu. Mnaona? Ni nusu ya ukumbi.

Kituo kilikuwa kimoja. Redio ndiyo iliyokiona mara mbili. Redio nyingi za majumbani zilitumia masafa ya kati ya 455 kHz. Sema umeweka mshale kwenye 10.890 MHz. Osileta iko juu yake kwa 455 kHz, yaani 11.345. Sasa kuna mtambo wenye nguvu unarusha kwenye 11.800. Tofauti kati ya 11.800 na 11.345 ni ngapi? Ni 455 ile ile! Kichanganyishi hakijui kama ishara imetoka juu ya osileta au chini yake. Kinajua tofauti tu. Kwa hiyo kituo cha 11.800 kinaonekana pale pake, na kinaonekana tena 910 kHz chini. Hicho tukiite kivuli. Na kivuli hakiji peke yake, kinakuja na kelele zake, na kikiangukia juu ya kituo dhaifu ulichokuwa unakitafuta, hakuna kichujio cha nyuma kitakachokusaidia. Vikishachanganyika, vimechanganyika.

Angalieni sasa jinsi watu wa FM walivyofanya. Bendi yao ni 88 hadi 108 MHz, upana wa 20. Masafa ya kati ni 10.7. Kivuli hukaa umbali wa mara mbili ya masafa ya kati, na mara mbili ya 10.7 ni 21.4, ambayo ni zaidi ya 20. Kwa hiyo hakuna kituo cha FM kinachoweza kuwa kivuli cha kituo kingine cha FM. Namba 10.7 mnayoiona kwenye vichujio vya seramiki ina hesabu hii nyuma yake. Lakini 98.0 ukiongeza 21.4 unapata 119.4 MHz, na hapo ni bendi ya marubani na mnara wa uwanja wa ndege. Redio yenye kichujio dhaifu mbele, ikikaa karibu na uwanja wa ndege, inaweza kuleta sauti ya rubani katikati ya muziki. Kosa si la rubani.

Kuna njia ya kukifuta kivuli kwa hesabu badala ya kichujio. Ralph Hartley aliionyesha miaka ya 1920, Donald Weaver akaleta njia nyingine mwaka 1956. Unatumia vichanganyishi viwili, osileta moja, lakini cha pili unakipa wimbi lililocheleweshwa nyuzi 90. Ukiyaunganisha matokeo vizuri, ishara inajijenga na kivuli kinajifuta. Simu zilizo mifukoni mwenu zinategemea jozi kama hiyo. Ila tazameni gharama: mkikosea nyuzi moja tu katika zile 90, na nguvu za njia mbili zikatofautiana kwa desibeli 0.1 tu (desibeli ni kipimo cha uwiano wa nguvu; kila 10 ni mara kumi), kivuli kinashuka kwa takriban desibeli 40, basi. Nyuzi moja! Ndiyo maana nawasihi vijana: mpangilio wa njia za shaba kwenye bodi si urembo. Urefu wa njia hizo mbili ukitofautiana, umeshapoteza kile ulichokipigia hesabu usiku kucha.

Sasa nirudi kwenye waya wa mita 20.

Mwaka 1933, Uholanzi, mhandisi Bernard Tellegen alikuwa anasikiliza kituo cha Beromünster cha Uswisi. Nyuma ya matangazo yale akasikia matangazo ya Radio Luxembourg, kituo chenye nguvu kubwa kilichokuwa kwenye masafa mengine kabisa. Kipokezi kilikuwa kizima. Waliochunguza wakagundua kwamba mawimbi ya Luxembourg yalikuwa na nguvu kiasi cha kuibadilisha hewa yenyewe ya juu, ile tabaka ya ayonosfia, na mawimbi ya Uswisi yaliyopita mahali pale yakachukua sauti ya Luxembourg. Anga lenyewe lilikuwa limegeuka kichanganyishi. Kitu chochote ambacho mwitiko wake haulingani sawasawa na nguvu inayokiingia, kinachanganya. Anga, kutu kwenye kiungo cha mlingoti, dayodi, transista. Vyote.

Basi kama anga linaweza kuchanganya bila kuombwa, kichanganyishi tulichokitengeneza kwa kusudi la kuchanganya kitafanya nini kikipewa vituo kumi vyenye nguvu kwa pamoja? Kitavichanganya na osileta kama tulivyotaka. Halafu kitavichanganya vyenyewe kwa vyenyewe, jambo ambalo hatukulitaka. Weka kituo 98.0 na kingine 98.8, vyote vina nguvu. Mara mbili ya 98.0 ukitoa 98.8 ni 97.2. Mara mbili ya 98.8 ukitoa 98.0 ni 99.6. Vituo viwili vya uongo, kimoja kila upande, na hakuna mtu aliyevirusha. Katika mji wenye milingoti mingi ya FM kama huu wetu, pigeni wenyewe hesabu ya jozi zote.

Hapa ndipo busta inapotusaliti. Ukimsikiliza mtu anayekunong'oneza katikati ya soko la Kariakoo, masikio makali zaidi hayakusaidii, kwa sababu na wauza bidhaa wote nao wameongezeka sauti. Lakini kwenye saketi hali ni mbaya kuliko sokoni. Ukiongeza ishara kwa desibeli 1, zile za uongo zinaongezeka kwa desibeli 3. Ongeza 10, zinaongezeka 30. Waya wako wa mita 20 umefanya hivyo hasa. Umempa kichanganyishi nguvu asiyoweza kuibeba, na vurugu uliyoisikia haikutoka hewani. Ilitengenezwa ndani ya redio.

Nataka tuione kwa namba, maana bila namba tutabaki kubishana. Uwezo wa kuvumilia tunaupima kwa kiwango kinachoitwa IP3, kwa dBm, yaani desibeli kuanzia miliwati moja. IP3 ikiwa juu, uvumilivu ni mkubwa. Chukua NE602, ile IC ndogo ya kichanganyishi iliyopendwa sana na watu wa redio za kujitengenezea. Ni chipu nzuri, ina osileta ndani yake, inakuza kwa takriban desibeli 18, inakula umeme kidogo. Wengi mmeitumia. IP3 yake ni takriban −15 dBm. Pembeni yake weka kichanganyishi cha pete ya dayodi nne na transfoma mbili ndogo za toroidi, yaani zilizosukwa kwenye kiini cha duara. Haikuzi kitu. Inapoteza desibeli 6 au 7. Inadai osileta ya +7 dBm, yaani miliwati 5. Mtu akizitazama kwenye karatasi atachagua ipi? Atachagua ile inayokuza.

Sasa zote mbili zipewe vituo viwili vya −40 dBm. Kwenye NE602, ishara ya uongo inazaliwa kwa −90 dBm. Kituo dhaifu unachokitafuta cha −110 kimezikwa chini yake, na kimezikwa kwa desibeli 20. Kwenye pete ya dayodi, ambayo IP3 yake inazunguka +15, ishara ya uongo inatoka −150. Hiyo iko chini ya kelele, hutaisikia maishani. Saketi inayopoteza imeishinda saketi inayokuza! Na siri yake ni nini? Osileta yenye nguvu inazifunga na kuzifungua dayodi kwa ukali, kama swichi, kiasi kwamba ishara ya antena haina uwezo wa kuzifungua yenyewe. Ndiyo maana kuna pete za +7, za +13, za +17. Kila ukilipa nguvu zaidi kwenye osileta, unanunua uvumilivu.

Sisemi transista hazifai. Mwaka 1968 Barrie Gilbert, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Tektronix, kampuni ya vifaa vya kupimia, alichapisha saketi ya kuzidisha kwa jozi za transista zilizopishana, na seli hiyo ikaingia katika vipokezi visivyohesabika kwa sababu inakaa ndani ya chipu bila transfoma. NE602 ni mtoto wake. Ninachosema ni kwamba ujue unalipia nini. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 kuna pia kichanganyishi cha Dan Tayloe, swichi za kawaida za kidijitali na kapasita nne, kinachopoteza chini kidogo ya desibeli 1 na kinavumilia sana. Wanafunzi wasio na bajeti, anzieni hapo. Vifaa vyake vinapatikana na bei yake haiumizi.

Mtaniuliza: na kelele je? Harald Friis wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, alitupa kanuni mwaka 1944: hatua ya kwanza ya kipokezi ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa kelele. Kwa hiyo weka amplifaya tulivu mbele ya kichanganyishi. Ni kweli. Ni kweli, lakini desibeli 20 za ukuzaji ulizoweka mbele zimekula desibeli 20 za uvumilivu wa kichanganyishi nyuma yake. Na chini ya 30 MHz, kelele za radi na za mijini zinazoingia na antena kwa kawaida ni kubwa kuliko kelele za saketi yako. Kwa hiyo amplifaya ile haikupi chochote. Inakutoza tu.

Mnadhani haiwezekani kuishi bila amplifaya mbele? Mwaka 2017, mwezi Aprili, darubini nane za redio duniani ziliunganishwa, na saba kati yake zikatazama katikati ya galaksi M87, umbali wa miaka ya mwanga milioni 55. Tarehe 10 Aprili 2019 dunia ikaoneshwa picha ya kivuli cha shimo jeusi. Wimbi lililotumika lina urefu wa milimita 1.3, takriban GHz 230. Baada ya sahani na pembe ya kupokelea, kitu cha kwanza ambacho mawimbi yale yalikutana nacho hakikuwa amplifaya. Kilikuwa kichanganyishi. Vipande viwili vya metali ya niobi vimetenganishwa na kihami chembamba cha nanomita chache, vimepozwa hadi nyuzi 4 juu ya sifuri kamili, yaani karibu −269 za Selsiasi. Ishara hafifu kiasi hicho, zilizosafiri muda wote huo, na mlango wa kwanza ni huu ninaowaomba leo muuheshimu. Waliochagua hivyo hawakuuliza ni kipi kinakuza zaidi. Waliuliza ni kipi kitaharibu kidogo zaidi. Na kila darubini ilifungwa kwenye saa ya atomu za haidrojeni, kwa sababu mtikisiko wowote wa osileta unaingia moja kwa moja ndani ya ishara.

Hapo ndipo kwenye jambo langu la mwisho, osileta. Kichanganyishi kinazidisha ishara kwa osileta, na osileta ikiwa chafu, uchafu wake unapakwa juu ya kila kituo. Kituo chenye nguvu jirani kinapakwa uchafu huo, nao unamwagika hadi kwenye masafa yako. Hakuna kichujio kitakachoutoa. Lakini osileta ina tabia nyingine inayosahaulika: inavuja. Inatoka kwa njia ya nyuma, inapita kwenye kichanganyishi, inapanda antena, na kipokezi chako kinakuwa mtambo wa kurusha.

Katika vita vya pili vya dunia, manowari za Ujerumani zilibeba kipokezi kilichoitwa Metox, kilichokuwa kikiwaonya mabaharia kwamba rada ya ndege inawamulika. Mwaka 1943 onyo likakoma, na ndege zikawa zinawatokea usiku bila dalili. Mwezi Mei peke yake zilipotea manowari zaidi ya 40. Wajerumani wakapima Metox, wakakuta kweli inavuja mawimbi. Rubani Mwingereza aliyetekwa akawaambia ndege zao zinafuata uvujaji huo. Mwezi Agosti ikaamriwa Metox zizimwe. Ukweli ulikuwa mwingine: ndege zilikuwa zimehamia rada ya sentimita 10, ambayo Metox haikuweza kuisikia. Lakini mbona wahandisi waliamini? Waliamini kwa sababu uvujaji ulikuwepo na waliupima wenyewe. Miaka ya baadaye, mwaka 1958, wapelelezi wa Uingereza walianza kuutumia uvujaji huo huo hasa, wakitafuta osileta za vipokezi vya majasusi wa Kisovieti jijini London.

Nyinyi hamfichi manowari. Lakini pigeni hesabu: osileta ya +7 dBm, kichanganyishi kinachoizuia kwa desibeli 40, inafika kwenye antena ikiwa −33. Ukilinganisha na kituo chako cha −110, hiyo ni mara milioni 50 kwa nguvu. Katika vipokezi vinavyoshusha ishara moja kwa moja hadi sifuri, kama vingi vya leo, mvujo huo ukirudi unazidishwa na osileta mwenyewe, unazaa volti tuli (DC) inayokaa juu ya ishara na kuijaza amplifaya ya nyuma. Dawa yake ni ulinganifu: dayodi nne zinazofanana kwa kupimwa, si kwa kuangaliwa rangi, na transfoma iliyosukwa kwa nyaya tatu zilizosokotwa pamoja.

Kwenye meza ile ya upande wa dirisha kuna vipokezi viwili, na kuna kipunguza nguvu cha desibeli 10. Kabla ya maswali kila kikundi kitafanya kipimo kimoja. Tafuteni kituo kinachosumbuliwa, ingizeni kipunguza nguvu kati ya antena na redio, na sikilizeni. Kituo na usumbufu vikishuka sawa, usumbufu umetoka hewani, mwacheni fundi apumzike. Usumbufu ukishuka ghafla kwa kiasi kikubwa kuliko kituo, umetengenezwa ndani, na kichanganyishi ndicho cha kuanza nacho. Andikeni kilichotokea kwa kila masafa. Kikundi cha kwanza, karibuni mezani.